Ploti Isiyohesabiwa

Mpimaji ardhi alipofika kwa Ndungu aliomba maji ya kunywa, na Waithira, mke wa Ndungu, akamwambia maji ni ya ng'ombe, yeye aketi angoje chai. Kama angejua kijana huyo amekuja na habari gani, labda angempa hayo maji na kumfungulia lango aende zake, lakini hakujua. Alimwekea stuli kivulini, akampa kikombe kikubwa cha bati na viazi vitamu viwili.

Kijana mwenyewe aliitwa Shitanda, wa ofisi ya ardhi mjini Eldoret, mtu mtaratibu mwenye viatu vilivyojaa matope ya mtoni. Wiki nzima yeye na vibarua wake walikuwa wakivuta mnyororo wa kupimia kwenye mashamba ya mstari wa mto, kando ya barabara ya Ziwa, wakichimbia bikoni, vile vyuma vinavyomwagiwa simiti ili vionyeshe shamba la mtu linaishia wapi. Serikali ilikuwa imetangaza kwamba kampuni za kununua mashamba zifungwe, na kila mwanachama apewe hati yenye jina lake na namba yake. Watu wa mstari wa mto walikuwa wakilisubiri tangazo hilo tangu walipogawana shamba la Kaburu, mzungu aliyeiuzia kampuni yao, miaka kumi na tano nyuma. Waithira alikuwa ameshanunua mfuko wa nailoni wa kuitia hati, asije panya akaila.

"Mzee, hapa ni kwa nani?" Shitanda aliuliza, kikombe mkononi.

"Kwangu. Ndungu, namba tisa."

Shitanda alikunjua ramani magotini, akapitisha kidole polepole, akainua kichwa kutazama mto ulipopinda, kisha akairudia ramani. "Namba tisa ni huko nyuma, kwa huyo jirani yako mwenye bati nyekundu. Hapa tumekaa ni namba kumi."

Ndungu alicheka. "Namba kumi haiko. Mstari yetu ni watu tisa."

"Watu ni tisa, Mzee. Mashamba ni kumi."

Ndungu aliacha kucheka, si kwa woga bali kwa sababu alikuwa amekumbuka. "Ah! Ni ile ya makaburi. Hiyo hatukuhesabu."

Akamweleza. Mwanzo kabisa wa mstari, karibu na barabara, ndipo Kaburu alipokuwa akizika watu wake: makaburi ya mawe yaliyoandikwa lugha asiyoweza kuisoma mtu, yamezungukwa na miti ya saipras. Siku ya kuonyeshana mashamba, Mburu, mmoja wa majirani, ndiye aliyekuwa na kura ya namba moja. Alipofika pale na kuona mawe yale, alitupa kijiti chake cha kura chini akasema afadhali arudi Murang'a akawe kibarua kuliko kulala na maiti za watu. Mama yake, aliyekuwa hai wakati huo, aliketi njiani akakataa kuinuka. Watu wote walimwelewa, maana nani kati yao angekubali? Mahali pa maiti hapalimwi, hapajengwi, hapaliwi chakula, wala hapahesabiwi pamoja na mali ya walio hai. Basi wakaparuka. Mburu akapewa shamba la pili na kuliita la kwanza, Kabiru wa namba mbili akasogea kwa la tatu, na hivyo hivyo mpaka mwisho. Ndungu, aliyekuwa mdogo kuliko wote na mwenye kura ya namba tisa, akaambiwa aingie kwenye kipande kilichobaki kule mto ulipopinda. Aliingia bila neno. Wazee walimsifu sana siku hiyo kwa moyo wake.

Hakuna aliyekwenda kuwaambia watu wa ofisi. Na angekwenda kuwaambia nini? Kwamba kuna shamba ambalo haliwezi kuhesabiwa?

"Ramani imehesabu, Mzee," Shitanda alisema. "Ramani haioni makaburi. Inaona ekari."

"Basi iandike sasa. Si uko na kalamu?"

"Namba kumi iko na mwenyewe. Kampuni iliona ni tupu, ikauza. Ni mama mmoja anaitwa Leonida."

Waithira alikuwa amesimama mlangoni na birika. "Ameuziwa nini?"

"Namba kumi, Mama."

"Namba nimesikia. Nauliza ameuziwa nini. Hii jikoni yangu? Hii mahindi?"

Shitanda aliweka kikombe chini kikiwa nusu. Alikuwa na aibu, na aibu yake haikuwa ya kujifanya. "Mama, mimi sipimi nyumba. Napima mpaka tu."

*

Ndungu hakuwa na wasiwasi, na hilo ndilo lililomtia Waithira wasiwasi. Jioni, alipokuwa akikamua, alizungumza na mke wake kama mtu ambaye kesi yake imeshakwisha.

"Watu wote wako. Mburu yuko, Kabiru yuko. Tutaenda kwa Chifu waseme vile ilikuwa, huyo mama apewe ile ya mwanzo, hii iandikwe jina langu. Ni maneno ya asubuhi moja."

"Na wakikosa kusema?"

"Watakosa kusema aje? Si waliona na macho yao?"

Waithira alimpenda mumewe kwa moyo wake mweupe. Jioni hiyo moyo huo mweupe ulimkera mpaka akatamani kummwagia maziwa. Alijitanda leso yake akasema, "Twende kwa Mburu sasa hivi, kabla hajaenda kulala na kuamka na mawazo mengine."

Kwa Mburu walipokewa vizuri mno. Nyumba yake ilikuwa ya mawe, ya kwanza na ya pekee katika mstari wote, yenye vyuma madirishani na viti vya vitambaa. Waliletewa chai na mandazi, na kabla ya kugusa chochote Mburu aliomba, maana alikuwa ameokoka na alikuwa mzee wa kanisa. Aliombea chai, akaombea serikali, akaombea majirani.

"Baba Nduta," alisema baada ya amina, akimwita Ndungu kwa jina la binti yake, "hiyo habari nimeisikia. Imenisumbua. Hata sijala vizuri."

"Si jambo ya kusumbua, mzee. Ni kusema tu. Useme ni wewe ulikataa ya makaburi, na sisi wote tukasogea."

Mburu alikoroga chai iliyokwisha kukorogwa. "Tulisogea, ndiyo. Lakini nikisema hivyo, sava, huyu mpimaji, atasema kila mtu arudi kwa namba yake. Mimi nirudi kwa makaburi, Kabiru aingie kwa hii nyumba yangu, mwingine aingie kwa Kabiru, mpaka mwisho. Hii nyumba nitaibeba na mgongo?"

"Hakuna mtu atarudi. Huyo mama mgeni apewe hiyo namba moja, iishe."

"Na kwa nini akubali? Yeye hakuwa hapa." Mburu aliinama mbele, akashusha sauti kama mtu anayetaka kukupa zawadi bila wengine kujua. "Mimi nimefikiria hivi. Sisi wanane tubadilishane makaratasi tu. Mimi nichukue hati ya namba mbili, Kabiru ya namba tatu, hivyo hivyo. Hakuna mtu anang'oa hata msumari. Na wewe uchukue namba moja. Iko wazi. Ekari ni zile zile."

"Ile wewe ulikataa," Waithira alisema.

"Hiyo ilikuwa zamani, Mama Nduta. Tulikuwa gizani. Siku hizi si tumeokoka? Wafu watakufanya nini?"

"Basi hamia wewe. Si umeokoka kutushinda?"

Mke wa Mburu alikumbuka kitu jikoni akaondoka. Mburu hakukasirika. Alimtazama Waithira kwa huruma kubwa, huruma ya kukutoa machozi au ngumi.

"Mama Nduta ako na uchungu," alisema. "Tumwombee."

Akafumba macho palepale. Ndungu naye akafumba, kwa sababu uko katika nyumba ya mtu na mtu anaomba. Waithira aliacha ya kwake wazi, akatazama vyuma vya dirisha mpaka amina, na moyoni akajua wameshashindwa.

*

Leonida alikuja siku ya soko, kwa miguu kutoka barabarani, mwavuli mkono mmoja na mkoba mdogo mkono wa pili. Alikuwa mwanamke mnene wa makamo, mwenye mwendo wa mtu ambaye miguu yake imesimama sana maishani. Alikuwa muuguzi huko hospitali ya Plateau tangu ujana wake, na juzi tu alikuwa amestaafu. Waithira alipomwona akikaribia lango alifikiria kumfungulia mbwa. Badala yake alimfunga mbwa, akabandika chai.

"Karibu, Sista."

"Asante, Mama. Mimi ni..."

"Najua."

Waliketi nje, wakatazama mahindi. Yalikuwa yamefika kiunoni, meusi kwa ukijani. Leonida ndiye aliyeanza kusema.

"Mungu ni shahidi yangu, sikujua kuna watu. Niliuliza kwa kampuni, wakasema namba kumi ni tupu. Wakanionyesha kwa ramani. Nyeupe kabisa, haina hata jina."

"Hukukuja kuona?"

"Nilikuja. Nilisimama barabarani na karani, akaninyooshea mkono, ni huko chini karibu na mto. Nikaona mahindi. Nikasema pengine kuna watu wameazima wanalima tu."

"Na nyumba?"

"Kutoka barabarani haionekani. Imefichwa na hii miti."

Miti hiyo ilipandwa na Ndungu ili kuzuia upepo. Waithira aliitazama akaona hasira yake haina pa kushika. Akajaribu njia nyingine, na sauti yake mwenyewe ikamwaibisha, maana ilikuwa imelainika kama ya mtu anayeuza kabeji zinazokaribia kuoza.

"Lakini, Sista, si ungechukua ile ya mwanzo? Iko karibu na barabara. Mtu kama wewe, wa kwenda mjini, huku matope ingekusumbua."

"Nimepita hapo," Leonida alisema. "Mimi nimefumba watu macho wengi sana, Mama. Wengine watoto. Nimefanya hiyo kazi mpaka mgongo umekataa. Kila kitu nilipata huko nimeweka kwa hii namba kumi. Sitaki kuamka tena asubuhi na kuangalia wafu."

Waithira aliona maneno hayo ni ya haki. Angeweza kumchukia mwanamke huyu kama angekuwa mwizi. Lakini alikuwa mtu aliyechoka kama yeye, anayetaka mahali pa kuweka miguu juu ya stuli, na mahali penyewe palikuwa hapa.

Kabla ya kuondoka Leonida alizunguka boma polepole, asiguse kitu. Alifika kwenye kisima, akainama kuchungulia. "Hiki nani alichimba?"

"Baba Nduta, na ndugu yake. Walipasua mwamba huko chini."

"Maji ni matamu?"

"Onja."

Alionja, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Halafu akamgeukia Waithira, na macho yake yalikuwa mekundu. "Mtakuwa mnakuja kuchota. Mimi sitawazuia. Haki ya Mungu sitawazuia hata siku moja."

"Asante, Sista," Waithira alisema.

Neno lilimtoka lenyewe, kwa malezi mema. Leonida alipokwisha kutoka langoni ndipo lilipomuuma. Alikuwa ameshukuru kupewa ruhusa ya kuchota maji yake mwenyewe.

*

Baraza lilifanyika kwenye uwanja wa shule ya msingi. Chifu Kiprotich alifika na kofia yake na fimbo, akapiga salamu ya serikali, "Nyayo!", na watu wakamjibu, akapiga tena wakamjibu tena, kisha akaeleza kwa haraka. DC angekuja kugawa hati mwezi uliofuata. Hakutaka DC afike akute watu wanabishana kama watoto. Alikuwa mtu asiye na ubaya, ila kazi yake ilikuwa kuhakikisha hakuna kelele, na mtu mwenye kazi ya namna hiyo mara nyingi haulizi kelele imetoka wapi.

Shitanda alitandaza ramani mezani, akaweka jiwe kila pembe ili upepo usiichukue. Akaeleza mambo mawili yanayowezekana. Kila mtu aingie kwenye shamba la namba aliyookota, yaani mstari wote uhame. Au kila mtu akae alipo na wabadilishane hati, na hapo mmoja tu ndiye atakayehama, kwenda namba moja.

"Na ramani yenyewe?" Chifu aliuliza. "Haiwezi kubadilishwa?"

"Inaweza. Makaburi iondolewe kwa hesabu, zingine zote ziandikwe upya. Lakini ni lazima wenye mashamba wote waweke sahihi. Na huyu Sista pia, na yeye atabaki bila shamba."

Watu walimtazama Leonida, Leonida akatazama viatu vyake.

Ndungu aliomba kusema. Alikuwa amevaa koti lake la kanisani na ameshika kofia kwa mikono miwili. "Chifu, mimi sina maneno mengi. Mzee Mburu ako hapa. Kabiru, yule alishika kamba ya kupima, ako hapa. Naomba tu waseme ile siku ilikuwa aje."

"Kabiru," Chifu aliita.

Kabiru aliinuka, akapangusa vumbi lisilokuwapo kwenye suruali. "Chifu, mimi nilishika kamba, ni kweli. Nilishika pale niliambiwa nishike."

"Na nani?"

"Na kamati."

"Kamati ilikuwa kina nani?"

"Wengi wameshakufa, Chifu."

Watu wakacheka, na kicheko hicho kikamsaidia Kabiru kuketi. Mburu aliinuka bila kuitwa. Alisema yeye alionyeshwa shamba akaingia, akalima, akajenga, na hajawahi kugombana na mtu. Hayo mambo ya makaburi, akasema, yalikuwa ya wazee wa zamani wasiojua Mungu, na mbele ya serikali hata haya ingemzuia kuyaeleza.

Ndungu alibaki amesimama. Alimtazama Mburu, akamtazama Kabiru, akageuka kuwatazama wengine, kama mtu aliyesikia akiitwa jina lake sokoni na kila anayemtazama anasema si mimi. Waithira alitamani kwenda kumketisha, lakini upande wa wanaume hapakuwa mahali pake.

"Wale wanakubali kila mtu akae pale ako na hati zibadilishwe," Chifu alisema, "inua mkono."

Mikono iliinuka. Wengine waliinua yote, wengine waliishia kwenye sikio kama wanaojikuna, lakini yote ilihesabiwa.

"Wale wanakataa."

Ndungu aliinua wake. Waithira aliinua wake.

"Mama, ni mkono moja kwa kila boma," Chifu alisema. "Teremsha."

Aliuteremsha. Lakini aliinuka. "Chifu, naomba kuuliza."

"Uliza, lakini kwa ufupi."

"Hii kosa ilikuwa ya nani?"

"Hakuna mtu amesema ni yako, Mama."

"Ndiyo nauliza. Kama tulikosea wote, mbona nahama peke yangu?"

Mtoto mmoja alilia, akanyonyeshwa haraka. Chifu alivua kofia, akaitazama ndani kama kwamba jibu limeandikwa humo, akaivaa tena.

"Mama, umeuliza vizuri. Sijui nikujibu nini. Nikisema mstari yote ianze upya, kila boma hapa italia. Nikisema Sista akose, nitakuwa nimenyang'anya mtu mwenye karatasi yake sawa. Nikifanya hivi, inalia boma moja." Akamgeukia karani wake. "Andika. Watavuna kwanza. Serikali haing'oi mtu na mahindi mabichi."

Njiani Ndungu alitembea mbele, Waithira nyuma, na watu waliokuwa wakielekea upande huohuo walipunguza mwendo ili wasiwafikie. Walipofika langoni kwao Ndungu alisimama, mkono juu ya mti wa lango.

"Labda sikuuliza vizuri," alisema. "Labda hawakunielewa."

Hapo ndipo Waithira alipolia. Hakuililia nyumba wala kisima. Alilia kwa sababu mumewe, baada ya yote hayo, alikuwa bado anatafuta kosa lake mwenyewe.

*

Baada ya mavuno majirani walikuja kuwahamisha, wote, na hakuna aliyewaita. Mburu alileta mkokoteni na ng'ombe wake wawili. Kabiru alileta nyundo, akapanda juu ya paa mwenyewe, na alikuwa akiung'oa kila msumari taratibu na kuunyoosha juu ya jiwe ili utumike tena. Wanawake walibeba mabati vichwani wakiimba nyimbo za kanisani, na mtu aliyekuwa akipita barabarani angedhani kuna harusi.

Na msomaji asidhani watu hawa walikuwa wanafiki. Ningefurahi kama wangekuwa wanafiki, maana ningewatukana hapa nikamaliza. Walikuwa watu wema. Walifanya kazi mpaka mashati yakalowa, walimpa Ndungu mbao walizokuwa wameziweka kwa mahitaji yao, na hakuna hata mmoja aliyefikiri amemkosea. Walikuwa wamekubaliana kwamba jambo hilo ni bahati mbaya, kama mvua ya mawe, na bahati mbaya ya jirani unaisaidia.

Fito zilisimamishwa kwenye pembe ya namba moja, mbali na makaburi kadiri ilivyowezekana. Haikuwezekana sana. Makaburi yalikuwa katikati, na mizizi ya saipras ilikuwa imesambaa kila upande, jembe likigonga mzizi kila lilipotua. Shitanda alikuwa amepita siku chache kabla, akamwaga simiti kwenye bikoni ya mpaka wa namba moja na namba mbili, hatua chache tu kutoka ua wa Mburu. Nduta alitoka shuleni na pakiti yake ya maziwa ya shule, akaenda moja kwa moja nyumbani, kule kwenye mto, kama miguu yake ilivyozoea. Alimkuta Leonida amesimama peke yake juu ya sakafu isiyo na kuta. Leonida alimshika mkono, akamleta mpaka barabarani, akamwonyesha kwao.

Waithira alikuwa jikoni tangu asubuhi, jiko lenyewe likiwa mawe matatu chini ya anga. Watu wakikujengea unawalisha. Hilo halina mjadala. Alikuwa amechinja mbuzi wake wa pekee na kumpika pamoja na mchele kwenye sufuria kubwa, ile ya harusi, aliyoazima kanisani. Paa lilipokwisha kufungwa alitandika majani, akapanga sahani, akaita.

"Karibuni chakula! Njooni mnawe mikono!"

Walinawa mikono. Wakapangusa mikono kwenye nguo zao, kwa muda mrefu.

"Mimi, Mama Nduta, nimeacha maziwa motoni," mmoja alisema.

"Mimi tumbo imenisumbua tangu jana."

"Mimi nimefunga," Mburu alisema. "Niko kwa maombi wiki hii."

Mtoto mmoja alikuwa ameshachukua kipande cha nyama. Mama yake alikitoa mkononi mwake, akakirudisha kwenye sahani kwa adabu. "Tutakula nyumbani," akamwambia.

Waliondoka mmoja mmoja, wakishukuru, wakiwatakia baraka katika boma jipya. Walivuka bikoni. Lakini hawakufika mbali. Walikuwa wamefanya kazi tangu alfajiri, miguu imechoka na njaa inawauma, na harufu ya nyama ile ilikuwa imewafuata. Waliketi kwenye nyasi za Mburu, upande wa pili wa mpaka, wakajifanya wanapumzika. Hakuna aliyetazama nyuma.

Waithira alisimama na mwiko mkononi akawatazama. Kisha akamwita mumewe.

"Baba Nduta, shika huku."

"Unaipeleka wapi?"

"Shika tu."

Waliinua sufuria, kila mmoja kwa sikio lake, wakaibeba. Ilikuwa nzito, wakawa wanapumzika na kuinua tena. Walipita kando ya saipras, wakapita bikoni, wakaiweka chini kwenye nyasi za Mburu, katikati ya watu. Nduta alifuata na sahani. Hakuna aliyejisogeza, mpaka Kabiru aliponyoosha mkono akachukua sahani, na baada yake wote.

Walikula. Walikula wali ule na mbuzi yule, wakaongeza, wakasema Mama Nduta anajua kupika, nyama imeiva mpaka imeachana na mfupa. Mburu alikula pia. Huenda alisahau maombi yake. Watoto waligombania ukoko. Ilikuwa karamu nzuri, na waliokuwapo waliisifu muda mrefu.

Sufuria ilipobaki tupu Waithira alikusanya sahani. Kwa kawaida mwenyeji ndiye anayewasindikiza wageni mpaka mpakani na kuagana nao hapo. Siku hiyo wageni walisimama mpakani wakawapungia wenyeji mkono, wakawaambia wafike salama. Waithira alijitwika sufuria, Ndungu akabeba sahani, Nduta akashika leso ya mama yake. Walivuka bikoni, wakaingia kwao, na hakuna aliyewafuata.